Kumi na Nane, Chini ya Sifuri

Wiki tatu baada ya kumzika kaka yangu, nilikwenda peke yangu kupima kitambuzi cha amonia, gesi kali inayosukumwa na kompresa kupoozea maziwa, kwenye kiwanda cha maziwa. Tulikuwa tumeifanya kazi hiyo pamoja miaka sita, na ni kazi ya watu wawili. Mmoja anasimama chumba cha kompresa, chini ya kitambuzi kilichofungwa ukutani, anakivisha kikombe chenye mpira unaotoka kwenye mtungi. Mwingine anakaa kwenye paneli, chumba cha pili, anasoma namba na kuzitaja kwa simu. Kaka alikuwa wa paneli. Alitaja namba polepole, kama mtu anayemsomea mgonjwa maelekezo ya dawa.

Siku hiyo kiti chake alikikalia msimamizi wa zamu.

"Dada, tufanye chapchap," alisema. "Mkaguzi anafika saa nane na anataka cheti. Bonyeza, saini, tuachane kwa amani."

"Nitabonyeza nikishapima, bosi."

"Kaka yako hakuwa na maneno mengi hivi."

"Alikuwa nayo. Aliyamalizia kwangu, ndiyo maana hayakukufikia."

Akacheka, akaenda zake kwenye paneli.

Chumba cha kompresa kina mwendesha mitambo wake, mzee mwembamba anayeshinda humo zamu nzima. Wenzake walikuwa wamembandika jina la Kikohozi, na mwenyewe aliliitikia bila kinyongo. Yeye ndiye angevuta hewa ya humo kwa kuamini saini yangu. Nilimwomba atoke nje kidogo, nikavaa barakoa yangu ya gesi.

Paneli, alivyonisomea msimamizi kwa simu, ilionyesha sifuri. Mafundi wengi hapo huichukua hewa ya chumbani kuwa hewa safi, wanabonyeza sifuri, kisha wanaendelea. Kaka hakukubali hata siku moja. Hewa ya chumbani, alisema, ni uvumi tu. Ndiyo maana tulibeba mtungi wa hewa safi kila tulikokwenda, mzito kuliko vifaa vingine vyote, na aliyeubeba ni mimi.

Nikakivisha kitambuzi kikombe, nikafungua mtungi huo, nikasubiri dakika mbili.

"Soma," nikasema kwenye simu.

"Kumi na nane."

Sumaku ya kubonyezea, ile inayogusishwa kwenye kitambuzi ili kipokee sifuri mpya, nilikuwa nayo mkononi tayari. Kitambuzi kilichochoka kinaweza kupotoka hivyo. Unakiambia kwamba hapa ndipo sifuri, basi, kazi inaendelea. Lakini kwa kaka namba haikuwa namba mpaka itajwe na upande wake.

"Juu ya sifuri au chini?"

"Chini ya sifuri kuna nini tena, dada? Kaburi? Aa, samahani. Ulimi umeteleza."

"Haidhuru. Angalia mbele ya namba."

"Kuna kamstari. Nilidhani kioo kimekwaruzwa."

Nikarudisha sumaku mfukoni. Namba hasi nilizisoma kidato cha kwanza, na zilinitosha. Kama hewa safi iko kumi na nane chini ya sifuri, basi ile sifuri yao ilikuwa kumi na nane juu ya hewa safi. Mtu alibonyeza sifuri chumba kikiwa na amonia.

"Nani amekigusa tangu tulipokuja mara ya mwisho?"

Msimamizi alijikuna kooni mpaka nikasikia. "Kilikuwa kinalialia bure mwezi uliopita. Fundi umeme akakisogezea sumaku, kikatulia."

"Hakikulia bure, bosi. Mlikifundisha kuita gesi hewa."

Niliweka sifuri kwa hewa safi. Nikaunganisha mtungi wa gesi ya kipimo, wenye amonia ya hamsini kamili. Paneli ilisoma arubaini na moja, nikairekebisha mpaka hamsini. Kisha nikavua kikombe, kitambuzi kikaanza kunusa chumba chenyewe.

"Kumi na saba," alisoma. "Kumi na nane. Bila kamstari." Kompresa ya pili ikawaka. "Ishirini na mbili. Dada, ishirini na sita!"

King'ora kikalia kiwanda kizima. Msimamizi alikuja mbio mpaka mlangoni, jasho likimtoka.

"Umekiharibu! Kabla hujaja kilikuwa sifuri!"

"Zima kompresa ya pili, bosi. Sisaini mpaka tupate panapovuja."

"Na mkaguzi je?"

"Atakukuta unatengeneza. Ungependa akukute unazika?"

Nilimwambia hivyo bila kupandisha sauti. Akaenda kuzima.

Kikohozi alivaa barakoa, akaingia na karatasi ya kupimia aliyoilowanisha, ile nyekundu inayogeuka buluu ikikutana na amonia. Aliipitisha kwenye kila kiungo kwa subira ya mtu anayemtafuta chawa. Kwenye shina la valvu ya kompresa ya pili ikageuka buluu palepale.

"Mgeni wetu huyu hapa," akasema. "Mwezi mzima nakohoa, daktari ananiambia ni umri!"

Akakaza nati za shina, karatasi mpya ikabaki nyekundu. Tukawasha feni. Msimamizi alirudi kwenye paneli bila kuambiwa, akasoma kwa simu: kumi na tano, tisa, nne, moja. Namba hizo alizitaja polepole. Nilimsikiliza nimeegemea ukuta, macho nimeyafumba.

Kwenye fomu niliandika kwamba sifuri ya awali ilichukuliwa chumba kikiwa na gesi.

"Andika 'marekebisho ya kawaida', dada. Tafadhali," msimamizi aliomba.

"Haikuwa kawaida."

Fomu ina sehemu mbili za saini, aliyepima na aliyesoma paneli. Nilisaini yangu, nikamsogezea kalamu. Aliishika, akisoma jina la kaka kwenye nakala ya mara iliyopita iliyobanwa chini yake. Kisha akasaini sehemu ile, kwa herufi kubwa zinazosomeka, akaenda mwenyewe kumpokea mkaguzi getini na kumweleza.