Kilichokuwa Katikati ya Kopo

Dalali wa soko la mahindi la Kibaigwa haitwi mwizi mpaka afumaniwe, na Luka alikuwa bado hajafumaniwa. Mahindi mazuri aliyaweka mdomoni mwa gunia, yaliyobunguliwa akayazika katikati, kisha akamtazama mnunuzi usoni bila haya. Mwenyewe aliuita ujuzi. Bambo lake, kile chuma chenye ncha cha kuchoma gunia na kuchota punje, halikumtoka kiunoni, na alijua mahali pa kulichoma ili litoke na punje safi.

Ujuzi huohuo akauingiza nyumbani.

Mkewe, Priska, alikuwa na ugonjwa wa huzuni. Tangu walipomzika kitinda mimba wao alishakutwa na kamba shingoni, na watu wa kijijini kwao Mlali wakaanza kunong'ona kwamba amerogwa. Vidonge vya hospitali ya mjini ndivyo vilivyomrudisha shambani, hata akacheka tena. Zamani walivipata bure. Ikaja enzi ya ruksa, soko likafunguliwa, hospitali ikasema dawa hakuna, kanunueni dukani. Na dukani kila Luka aliporudi alikuta bei imepanda. Aliyewaokoa ni Shaaban, mchuuzi kutoka Kondoa, aliyetandaza dawa mezani pale sokoni. Alizifuata mwenyewe Dar es Salaam kwa lori, akaziuza kwa bei ya kibinadamu.

Hata bei hiyo Luka aliiona kubwa. Alitaka mtaji wa kupeleka mahindi yake mwenyewe Dar, na mke si amekwisha kupona? Akaanza kununua nusu. Nusu nyingine akajazia vitamini za njano zilizofanana na dawa ile, rahisi kama karanga, akazizika katikati ya kopo na kufunika juu kwa dawa ya kweli. Akajisifu kwamba amebana matumizi, mpumbavu yule.

Priska hakuwa gunia. Vile vya juu vilipokwisha, usingizi ulimtoka, akawa analia huku anapalilia. Asubuhi ya siku ya soko, dada yake Loisi alimkuta kisimani, mguu mmoja umeshavuka ukingo, akamvuta kwa nywele mpaka wakaanguka wote. Walipotulia, Priska alichukua kidonge koponi akakitafuna. Dawa yake aliijua: chungu, hutia ganzi ulimi. Hiki kilinuka hamira.

Wakadandia lori la mahindi mpaka Kibaigwa. Luka alikuwa juu ya rundo la magunia alipomwona mkewe akimwaga kopo mbele ya Shaaban.

"Kaka Shaaban, nimekukosea nini mpaka unataka nife?"

Shaaban aliokota kidonge, akakinusa. "Shemeji, hizi ni vitamini. Mimi sijamuuzia mumeo vitamini." Akainua macho juu ya magunia. "Luka, ndugu yangu, shuka uwaambie umenunua ngapi mwezi huu."

Makuli walikuwa wameshatua mizigo yao, wamezunguka meza. Wote wakamtazama Luka. Alishuka taratibu. Neno moja tu lilitosha kumwokoa Shaaban, nalo lilikuwa mdomoni tayari. Lakini anayechanganya dawa ya mkewe, nani atayaamini mahindi yake? Wangeyapasua magunia yote palepale.

"Ananisingizia," Luka alisema. "Huyu ni mwizi. Alitaka kuniulia mke."

Neno mwizi likitamkwa sokoni halirudi mikono mitupu. Jiwe la mizani lilimpata Shaaban mdomoni, meno yakamwagika pamoja na damu. Meza ikavunjika. Walimpiga mateke ya mbavu, wakampiga kwa miti ya kubebea magunia, na mkono aliojikingia ukavunjika kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. Loisi alijifunika uso kwa kanga. Shaaban alitambaa, akashika suruali ya Luka.

"Luka," alisema, "sema."

Luka alimwogopa kwa sababu bado alikuwa na ulimi. Akachomoa bambo, akamchoma chini ya mbavu na kulisukuma mpaka mkono wake ukagonga shati la Shaaban. Damu ilitiririka kwenye mfereji wa bambo kama punje zinavyotiririka. Shaaban aliachia suruali, akafa.

Priska alikuwa amepiga magoti kati ya dawa zilizotawanyika vumbini. Akaokota kidonge cha Shaaban, akakitafuna. Ulimi ulipoanza kufa ganzi, akaokota kingine, akainuka na kumwendea mumewe.

"Fungua mdomo."

Luka akafungua, maana watu wanatazama.

"Tafuna."

Uchungu ulimjaa mpaka kooni, kisha ulimi ukaanza kufa ganzi.

"Vya nyumbani havikuwa hivi," Priska alisema, bila kupaza sauti. "Na kopo uliniletea wewe. Ulinunua ngapi?"

Luka aliwatazama makuli. Mawe bado yalikuwa miguuni mwao. Alitafuta uongo, na huyu aliyeishi kwa uongo maisha yake yote hakuupata hata mmoja. Uso wa mkewe ulikuwa karibu mno.

"Nusu," alisema.

Priska hakumtazama tena. Alirudi chini akaendelea kuokota vidonge, akivipangusa damu kwa pindo la kanga, kwa sababu hapakuwa tena na wa kumuuzia kwa bei ile. Nyuma ya Luka, kuli mmoja aliinama akaokota jiwe.