Kifuniko cha Tangi

Gari la mizigo lilisimama mbele ya gereji ya Harub, katika sanaiya, mtaa wa mafundi wa mji wa Ibra, adhuhuri ile ambayo hata paka walikuwa wamejificha chini ya magari. Akateremka mzee ambaye Harub hakumjua. Nyuma ya gari, imefungwa kamba, ilikuwapo pikipiki ya magurudumu manne, ile ya kupandia vilima vya mchanga, rangi yake imebabuka upande mmoja.

Mzee alikuwa akiligombeza fundo la kamba kwa Kiswahili.

"Shikamoo, ami," Harub alisema.

"Marahaba. Kumbe walionielekeza kwa fundi ajuaye Kiswahili wamesema kweli. Mtoto wa wapi wewe?"

"Wa hapa hapa. Mama ndiye wa Bujumbura."

"Ndiyo maana. Kiswahili chako kina kutu."

"Kina kutu, ami, lakini kinawaka."

Mzee alitaka kucheka, uso ukakataa. Akasema jina lake Sleyum, ametoka Izki. Mwanawe mdogo, Yaqeen, aliingia mchangani na pikipiki hii katika joto la Juni, ikamzimikia. Walipomkuta, kiu ilikuwa imekwisha kummaliza. Betri ilikuwa imekufa kwa kuwasha na kuwasha, na tangi lilikuwa na petroli tele.

"Kaka yake, Mahrous, aliisafisha kabureta kabla ya safari ile," alisema. "Watu wakasema yeye ndiye aliyeiharibu. Mama yao hasemi naye tena. Kijana kahamia Sur, hata Idi hakuja. Nataka kujua, mwanangu. Na niahidi kitu kimoja: utakachokiona utaniambia chote, usinionee huruma. Mimi nimemwahidi Hamda, mama yao, kwamba nitampigia simu kutoka hapa hapa."

"Nakuahidi," Harub alijibu upesi, kama anavyomwahidi mteja yeyote.

Alitia petroli safi hadi juu, akafunga, akaweka betri nyingine. Injini iliwaka mara moja, ikaimba. Akaiacha iimbe. Baada ya muda ikaanza kukohoa, ikashuka, ikazima. Akafungua plagi: kavu. Moto upo, ila petroli haifiki.

Akaishusha kabureta na kuifungua. Ndani ilikuwa safi kama sahani ya mgeni. Aliyeisafisha alikuwa na mkono wa subira. Chujio nalo safi. Akauchomoa mpira unaotoka tangini. Petroli ilichuruzika kidogo, ikakatika, na tangi halijapungua hata robo.

Ndipo alipozungusha kifuniko. Tangi lilivuta hewa kwa mluzi mrefu, kama mtu aliyezama anapotoa kichwa majini, na petroli ikamwagika kutoka mpirani juu ya vidole vyake.

Alikigeuza. Kila kifuniko cha namna ile kina kitundu cha kupumulia. Petroli ikitoka, hewa iingie mahali pake. Hiki kilikuwa kimezibwa kwa kipande cha mpira, kimekatwa mviringo vizuri, kikagandishwa kwa gundi.

Mzee alisogea, akakitazama.

"Hicho nimekiweka mimi," alisema. "Mchanga usiingie."

Gereji ya jirani mtu alikuwa akigonga bati.

"Kwa hiyo Mahrous hana kosa?"

"Hana, ami. Kazi yake ilikuwa nzuri."

"Na Yaqeen... angelikifungua kifuniko hiki, huko huko mchangani?"

Harub alijipangusa mikono ambayo haikupanguka. Angeweza kusema injini ilikuwa imechemka mno. Angeweza kusema wallahi sijui. Nani angemlaumu? Mzee alikuwa akimtazama mdomo.

"Ingeliwaka," alisema.

Mzee aliitikia kwa kichwa polepole, kama aliyeambiwa njia.

"Nilimkataza. Nilimwambia, ukiwa mchangani kifuniko usikiguse, hata iweje." Akakaa juu ya tairi. "Alikuwa mtoto msikivu."

Harub alimletea maji baridi. Mzee aliishika gilasi, hakunywa, na baadaye akaiweka chini taratibu, lisimwagike tone. Kisha akaomba simu.

"Si lazima sasa hivi, ami. Nenda kwanza nyumbani, upumzike. Utamwambia uso kwa uso."

"Mpaka nifike Izki nitakuwa nimeshapata uongo wa kumwambia."

Harub alimbonyezea namba aliyotajiwa, akataka kutoka nje. Mzee akamshika mkono wa shati.

"Hamda," alisema kwenye simu. "Kaa kitako. Uko na nani hapo? Basi mwite jirani akae nawe, mimi nangoja."

Akangoja. Bati la jirani liligongwa, likanyamaza, likagongwa tena.

"Si Mahrous," alisema. "Mpigie mwanao arudi nyumbani. Ni mimi, Hamda. Sikiliza, nikwambie chote."