Faili Limefunguliwa Kwingine

Asubuhi ya kurudi kazini baada ya likizo ya uzazi, katibu muhtasi aliketi na mwanawe kifuani kwenye kompyuta ya karibu na mlango, maana kiti chake cha dirishani kilikuwa na mtu. Akafungua faili la barua za idara. Skrini ikamjibu kwamba faili limeshafunguliwa kwingine. Jina la aliyelifungua lilikuwa lake.

Mtoto alikuja naye kwa sababu mama mkwe hakutaka kubaki naye. "Ziwa halina kitu, mtoto analia kutwa kucha, halafu uniachie mimi? Ungekuwa ng'ombe tungeshakuuza." Na kweli, tangu ajifungue, maziwa hayakutoka hata tone. Alikunywa uji mpaka akauchukia. Mtoto alitapika maziwa ya kopo na kuzidi kukonda.

Akaenda dirishani. Aliyeketi pale ni yeye mwenyewe, anachapa, amevaa blauzi ile ile aliyoivaa siku uchungu ulipomshika. Kifua kilikuwa chepechepe. Maziwa yalitiririka mapajani, yakadondokea kwenye ndoo iliyowekwa chini ya kiti.

"Ndoo ya pili hii tangu asubuhi," mfagizi alilalamika. "Yananuka, na sabuni hamniongezei."

Fundi wa kompyuta aliitwa. Akatazama skrini, akamtazama yule wa mezani, akapiga mwayo.

"Dada, chagua. Unaweza kusoma tu, bila kubadili chochote. Unaweza kufungua nakala, mje mgombane baadaye. Au mfunge huyu kwa nguvu, ila ambacho hakijahifadhiwa kitapotea."

"Na maziwa?"

"Maziwa hayahifadhiwi, dada."

Meneja alitoka kuuliza kelele za nini. Akaelezwa. "Likizo uliomba, ukapewa," alisema. "Kazi nayo haikusimama. Sasa unalia nini?" Alisema kama mtu aliyetoa sadaka. Katibu muhtasi alimchukia pale pale, kwa moyo wake wote.

Alichagua kusoma tu. Tangu hapo hakuweza kusogeza hata kikombe juu ya meza ile. Alikishika, kikakaa palepale. Lakini mtoto hakuwa mali ya ofisi. Akamlaza mapajani mwa yule mwingine.

Yule hakugeuza macho. Alifungua vifungo kwa mkono wa kushoto, akampakata, na wa kulia ukaendelea kuchapa. Mtoto alinyonya kwa pupa mpaka jasho likamtoka puani. Mama yake alisimama pembeni, akiona wivu na kushukuru kwa pamoja.

"Watoto hawaruhusiwi humu," meneja alimwambia yule wa mezani. "Na mkono mmoja ni nusu ya kazi. Chapa barua ya onyo."

"Ya nani?" aliuliza mama mtoto.

"Yako. Mbona unauliza majibu?"

Yule wa mezani alishaanza. Mama mtoto aliisoma barua juu ya bega lake, neno kwa neno: uzembe, kuleta mtoto kazini, kupunguza kasi bila idhini. Alinyoosha kidole afute neno uzembe. Kitufe kikakataa kubonyea.

Barua haikuwa na kosa hata moja la uchapaji. Ilipofika mahali pa sahihi, yule wa mezani alimhamishia mtoto kwenye ziwa la pili, akaendelea kuchapa kwa mkono wa kushoto.