Baba Amevua Saa

Kazini walimwita Mama Maelezo, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kuandika maelezo ya chombo kinachochota habari za mwili kutoka kwenye saa za mkononi: mapigo ya moyo, hatua, usingizi. Wasomaji wake hawakuwa watu. Walikuwa mawakala wa akili bandia, programu zinazotumwa kuchota habari hizo na kuwapelekea jamaa wa mvaaji kwa lugha ya kueleweka. Aliwapenda wasomaji wa namna hiyo. Hawapigi miayo, hawaruki kurasa, na ukiwaambia jambo wanalifuata kama lilivyo. Hilo la mwisho ndilo lililokuja kumponza.

Saa ya kwanza ya majaribio alimvalisha baba yake. Mzee alikuwa na moyo msumbufu na kichwa kigumu, na tangu afiwe na mkewe aliishi peke yake. Ujumbe wa wakala ulikwenda kwenye kundi la simu la ukoo, ambamo alikuwemo pia kaka mkubwa wa Mama Maelezo, aliyesoma kila kitu na kutojibu chochote. Kaka huyo aliwahi kufika kwenye mazishi ya mama yao kaburi likiwa limeshafukiwa. Basi liliharibika njiani, lakini baba hakuuliza. Alimtazama mbele za watu, akasema, "Mgeni wetu amefika." Tangu siku hiyo mtu na baba yake hawakusemezana, na dada akabaki katikati akipeleka salamu ambazo hakuna aliyezituma. Ule moyo mbovu ulimtia hofu kwa sababu hiyo hasa: baba angeondoka na lile neno likiwa bado limekaa kati yao.

Sasa, kwenye maelezo kulikuwa na sehemu ya hali za mvaaji. Anatembea, amelala, halafu ile ya mtu aliyetulia tu. Mama Maelezo aliandika "amepumzika". Mapigo yasiposomeka na mkono usiposogea, aliagiza, wakala achukulie kwamba mvaaji amepumzika. Mhakiki alipitisha. Fundi mkuu alipitisha. Wote waliizungumza lugha tangu utotoni, wote walishazika ndugu, na hakuna aliyeshtuka.

Alhamisi moja asubuhi baba alivua saa, akaiacha dirishani, akaenda kuoga. Wakala alichota habari, akakuta mapigo hakuna, mkono hausogei. Akasoma maelezo yake vizuri. Kisha akauandikia ukoo mzima: "Habari za asubuhi. Baba amepumzika. Leo hakuna hatua zaidi zinazotarajiwa."

Mama Maelezo alikuwa kikaoni. Maneno aliyajua, aliyaandika mwenyewe, na bado aliyaamini. Alipiga simu, haikupokelewa, maana mzee alikuwa na sabuni masikioni. Lakini hilo alilijua baadaye. Alitoka bila kuaga, na njia nzima alilia kama mtoto huku nusu ya akili yake ikisahihisha ile sentensi.

Alikuta shangazi, dada wa baba, ametangulia. Shangazi si mtu wa kungoja uthibitisho. Alishakodi turubai na viti. Majirani walikuwa wakiteremsha viti garini, na aliyewaelekeza pa kuvipanga alikuwa marehemu mwenyewe, amevaa shati safi. Alitoka bafuni, akasikia kilio, akaja kusaidia kama jirani mwema. Alikuwa ameshauliza mara kadhaa nani amefariki, na kila aliyeulizwa alikumbuka ana kiti cha kubeba.

Mama Maelezo alimshika baba mkono, akapapasa mapigo kwa vidole, mtindo wa zamani. Yalikuwepo. Akamsimulia kisa chote. Shangazi alijitetea kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Baba akamjibu kwamba likija lije na turubai lake.

Watu walikuwa wameanza kutawanyika kaka alipoingia. Hakuwa na mzigo, shati limelowa jasho, na simu yake ilizimika njiani, kwa hiyo habari njema hazikumfikia. Alipita katikati ya viti akitazama chini, mpaka akafika mbele ya viatu anavyovijua. Akainua uso.

"Umekuja kwenye msiba wa nani?" baba akauliza.

"Wako, baba."

Mzee alimpima toka juu hadi chini, bila haraka.

"Leo umewahi," akasema. "Kaa. Viti vipo."

Kaka alikaa, akalia kwa sauti. Baba akaketi pembeni yake, hakumshika wala hakuondoka. Walikaa hivyo mpaka wenye turubai wakaja kulikunja.

Kesho yake Mama Maelezo alirekebisha kazi yake. Wahenga walionya kwamba mdomo huponza kichwa, vidole hawakuvitaja. Akaandika: mapigo yasiposomeka, usiseme amepumzika, sema saa imevuliwa. Jioni alimpigia baba kumtoa wasiwasi. Akivua saa tena, alimwambia, hakuna atakayedanganyika, wala hakuna atakayekuja mbio.

"Sasa kaka yako," baba akauliza, "atakuja kwa lipi?"

Mama Maelezo alifungua kompyuta. Alirudi kwenye maelekezo ya saa ile moja tu, akaongeza mstari: saa ikivuliwa, aarifiwe mtoto wa kwanza, aombwe apige simu. Fundi mkuu alitaka kujua kwa nini mtoto wa kwanza. Akamjibu kwamba ndivyo ilivyoandikwa.

Jumapili baba alivua saa mapema asubuhi. Hakwenda kuoga. Aliiweka dirishani, akavuta kiti, akakaa karibu na simu.