Pikipiki Yenye Pumu

Hasira zangu ni za mkizi, na mtaa mzima unajua. Mteja akiniletea pikipiki kisha akaanza kunifundisha kazi, namkabidhi spana na kumwambia aendelee mwenyewe, mimi naenda kunywa chai. Ndiyo maana hadi leo nashangaa kwamba siku ile, siku moja kabla kaka hajaja kumchukua baba, nilishinda gerejini kutwa nzima bila kumfokea mtu wala chuma.

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, amevaa koti la mvua na jua linawaka, begi la kazi liko begani. Miaka thelathini alikuwa msoma mita za maji. Alistaafu zamani, lakini kichwani mwake bado yuko njiani. Kumbukumbu zilimtoka kidogo kidogo, kama rangi inavyoiacha nguo kila ikifuliwa, na mimi nilikuwa miongoni mwa vitu vilivyokwisha kufutika. Asubuhi nilipompelekea chai aliipokea kwa mikono miwili na kuniuliza kwa adabu zote, "Hujambo, mama. Mita yako iko wapi?"

"Iko nje, baba. Karibu na bomba."

"Ahsante. Sitakusumbua."

Hakuniita mama kwa kunidekeza. Aliniita hivyo kama alivyomwita mwanamke yeyote aliyewahi kumfungulia geti. Jina alilonipa yeye lilikuwa Bi Kifuniko, na duniani hakuna mwingine anayelitumia. Mwaka wa pili ulikuwa unaisha sijalisikia. Kaka anaishi mbali, mwendo wa siku nzima, na ana mke anayeshinda nyumbani na ua wenye geti la kufungwa. Mimi nashinda na grisi, na baba alikuwa amenitoroka mara nne kuzifuata mita za watu. Tulikubaliana na kaka bila ugomvi. Nilichokitaka kilikuwa kimoja tu: kabla hajaingia kwenye gari la kaka, baba aniite Bi Kifuniko, hata mara moja. Basi nikaenda stoo nikaitoa pikipiki yake.

Jina lilianzia juu ya pikipiki hiyo. Shule zikifungwa, baba alinichukua kazini. Alinipakia mbele yake, juu ya tangi, katikati ya mikono yake, koti la mvua likinifunika masikio. Tukienda kitambo, pikipiki inaanza kukohoa. Inakohoa, inalegea, inataka kuzima. Baba mikono yake yote imeshika usukani, kwa hiyo ananigonga utosini kwa kidevu mara mbili na kusema, "Bi Kifuniko, kazi." Nami nakizungusha kifuniko cha tangi, kinatoa pumzi, fyuu, nakifunga, na pikipiki inapata nguvu na kuendelea. Baba aliniambia ina pumu. Aliniambia bila mimi haivuki hata daraja. Niliamini kabisa, na shuleni niliwatangazia wenzangu kwamba baba yangu hawezi kazi bila mimi.

Kisha nikakua, nikaenda kujifunza ufundi. Wiki ya kwanza tu mwalimu akatuonyesha kwamba kifuniko cha tangi kina kitundu chembamba cha kuingizia hewa. Kikiziba, petroli inagoma kushuka, na pikipiki inakohoa hadi izime. Niliposikia hivyo damu ilinichemka. Nilifika nyumbani nikamkuta baba kakaa na wenzake wa idara ya maji, nami nikampa vidonge vyake mbele yao. "Baba, miaka yote hiyo umeendesha pikipiki tundu limeziba? Kazi ya dakika moja na waya? Unanitesa mimi mtoto kufungua na kufunga kwa sababu hukujua kitu ambacho kila fundi anakijua?"

Wenzake walicheka wakashika mbavu. Baba alijitia hamnazo. Alikoroga chai yake na kusema, "Kumbe. Ndiyo faida ya kusomesha." Ikaishia hapo. Lakini mimi sikuishia hapo. Miaka na miaka niliwasimulia wateja kisa hicho wakisubiri pikipiki zao, na walicheka, na baba yangu ndiye alikuwa mjinga wa kisa.

Pikipiki ilikuwa imelala miaka tisa. Nilipofungua tangi, petroli ilinuka kama rangi ya mlango iliyosahauliwa kwenye kopo. Niliimwaga yote, nikafungua koki, nikakuta chujio limeganda kutu. Nikalisugua. Kisha nikaishusha kabureta na kuiweka kwenye sinia kuukuu, juu ya kitambaa cheupe, maana vitu vyake ni vidogo na vina tabia ya kupotea.

Kuna utulivu katika kabureta ambao siupati kwingine. Mchana ule bati lilikuwa linalia kwa joto, redio ya jirani inaimba kwa mbali, na mimi nimeinama juu ya bakuli dogo la chuma ambamo petroli hupumzika kabla ya kwenda kuungua. Ndani kulikuwa na utandu wa kahawia, mnene kama asali. Niliukwangua kwa ukucha. Boya nililitikisa sikioni nisikie kama limeingiza petroli. Lilikuwa kimya, zima. Sindano ya kuzuia petroli ilikuwa bado na ncha yake. Jeti, kile kijibomba cha kupimia petroli, niliielekeza kwenye jua na kuchungulia. Giza. Nilichomoa unyuzi mmoja kutoka kwenye kebo mbovu ya breki, nikaupitisha taratibu bila kulazimisha, nikapuliza, nikachungulia tena. Safari hii kulikuwa na nukta ya mwanga, ndogo na duara, na ndani ya nukta hiyo, kwa mbali, niliona begi la baba.

"Nyumba hii ina maji mengi," baba alisema kutoka mlangoni.

"Ndiyo, baba."

"Angalieni kama kuna bomba linalovuja."

Niliirudisha kabureta, nikafunga skrubu ya hewa hadi mwisho kisha nikairegeza mzunguko mmoja na nusu, nikaweka plagi mpya na petroli mpya. Nikavuta choki, nikapiga teke. La kwanza, kimya. La pili, ikaguna. La tatu ikawaka, moshi mweupe ukajaa gereji, na nilipomwangalia baba alikuwa amesimama, mkono mmoja umeshika kamba ya begi.

Nilimvisha kofia ngumu, nikampakia nyuma yangu, nikaizungusha mikono yake kiunoni mwangu na kumwambia ashike sana. Tukatoka.

Sijawahi kuendesha polepole vile. Tulipita barabara zake zote za zamani, na baba alizisoma moja moja nyuma ya shingo yangu, sauti yake nyembamba kama ya mtu anayeota. "Mlango wa kijani, mita chini ya ngazi. Mlango wa chuma, mbwa mkali, mita nyuma. Nyumba ya pacha, gonga dirishani." Mlango wa kijani sasa ni duka la simu. Nyumba ya pacha ilibomolewa, pamebaki kiwanja chenye majani. Lakini kwa jinsi alivyozitaja, nusu ya barabara ilikuwa ya kwake na nusu ya kwangu, na pikipiki ilipita katikati bila kugusa popote. Mbwa alibweka mahali. Sikujua ni wa siku zangu au wa siku zake.

Nilisubiri ikohoe. Tulimaliza barabara ya shule, haikukohoa. Tukavuka daraja, haikukohoa. Ilikwenda vizuri kuliko pikipiki yoyote niliyowahi kuitengeneza, na kadiri ilivyokwenda vizuri ndivyo nilivyozidi kukosa raha. Baba alimaliza mita zake. Tulipokaribia kurudi akauliza, "Samahani, mama. Pikipiki hii ni ya nani?"

"Ni yako, baba."

"Aa, hapana," alisema kwa upole, kama anayemkosoa mtoto wa watu. "Yangu ina pumu."

Nilimrudisha kwenye kiti chake. Nilikifungua kifuniko cha tangi na kukiinua kwenye mwanga. Tundu lilikuwa wazi kabisa. Nikaingiza waya, ukapita bila kugusa uchafu wowote. Kingo zake zilikuwa zimelainika kwa kusafishwa mara nyingi, miaka mingi, na mtu aliyejua anachokifanya. Mimi ni fundi, najua kutofautisha tundu lililozibuliwa jana na tundu ambalo halijawahi kuziba.

Nilikwenda stoo nikalitoa kopo lake la vifaa, lile la maziwa ya unga lililokuwa chini ya kiti cha pikipiki. Ndani mlikuwa na spana tatu, bisibisi, kipande cha mpira, na chini kabisa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cha kufutia miwani. Kilikuwa kifuniko kingine cha tangi, kinafanana na kile kwa kila kitu. Tundu lake lilikuwa limechomekwa kijiti cha kiberiti, kikakatwa sawasawa na chuma, kisha kikafunikwa na nta ya mshumaa iliyosawazishwa kwa kidole. Mpira wa ndani ulikatwa kutoka kwenye tyubu, umekaa barabara, hata hewa ya kumtosha sisimizi isingepita. Na kwa ndani, kwa rangi nyekundu aliyotumia kuandika namba za mita, baba alikuwa ameandika neno moja: LIKIZO.

Nilikaa chini palepale, juu ya gurudumu kuukuu.

Alikuwa na vifuniko viwili. Kimoja cha kwenda kazini, na kingine cha siku ambazo mimi nipo. Aliiziba pikipiki yake kwa mikono yake ili mtoto aliyekaa juu ya tangi awe na kazi. Na siku niliyomwaibisha mbele ya wenzake alikuwa na jibu koponi, akakoroga chai.

Nililia, sifichi. Nililia kwa aibu, kwa kila mteja niliyemchekesha. Nikanawa uso bombani, nikachukua vile vifuniko viwili, nikasimama mbele ya tangi. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kile kizuri, maana umezoea miaka ishirini kuondoa ubovu, si kuutia. Nikaurudisha. Nikakifunga kile cha likizo, nikakikaza.

"Baba, twende tena kidogo."

"Mita zimebaki?"

"Zimebaki chache."

Jua lilikuwa limelegea, barabara imekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Watu walirudi makwao wakitembea taratibu. Niliendesha nikihesabu pumzi zangu. Mlango wa kijani. Mlango wa chuma. Nyumba ya pacha, gonga dirishani. Tulipokaribia daraja mlio ulibadilika. Niliusikia kwanza miguuni, kisha tumboni. Pikipiki ikakohoa mara moja.

Sikugusa kitu. Baba alinyamaza kuhesabu nyumba.

Ikakohoa tena. Ikalegea. Nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa chochote, maana kama hapa hapana kitu, basi hapana tena popote. Tukaingia darajani tukiyumba, mashine inaomba hewa. Ikazima. Tukasukumwa na mwendo uliobaki hadi pembeni, tukasimama. Chini yetu maji yalikuwa yanapita kwa sauti ndogo.

Nilisubiri. Kisha nilihisi kitu begani. Siku hizi baba amekuwa mfupi, utosini kwangu hafiki. Kidevu chake kiligonga bega langu, mara ya kwanza, na mara ya pili.

"Bi Kifuniko," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya adabu. Ilikuwa ya mtu aliye nyumbani kwake. "Leo umechelewa."

"Nisamehe, baba," nikasema. "Nisamehe sana."

"Si kitu. Fungua tu."

Nilifungua. Fyuu. Tangi likavuta pumzi ndefu, na mimi pia. Nikafunga, nikapiga teke, ikawaka, tukavuka daraja. Upande wa pili alikuwa ameanza tena kutaja milango, na tulipofika nyumbani alinishukuru kwa kumpa lifti, akaniita mama.

Kaka alikuja asubuhi. Baba aliingia garini na koti lake na begi lake, na mfukoni mwa koti nilimtilia kile kifuniko kizuri, cha kazini, maana ndiko alikokuwa anajiona anakwenda. Aliniuliza mara ya mwisho mita yangu iko wapi, nikamjibu iko nje, karibu na bomba, hajanisumbua.

Pikipiki naiendesha mimi sasa. Kila nikifika darajani inakohoa, na wateja wanaonijua wananicheka waziwazi, fundi mzima na kifuniko kimeziba, kazi ya dakika moja na waya. Hasira zangu mnazijua. Lakini kwa hilo huwa sijibu. Nakifungua, nakisikiliza, nakifunga, naendelea na safari.