Kadi ya Wavu

Kufika saa mbili asubuhi, mama wa usafi alikuwa ameshapiga deki ngazi zote za Ofisi ya Lugha, na waheshimiwa walikuwa wanazipanda kwa viatu vya matope bila hata kusema pole. Simu ikalia mfukoni mwake. Alikuwa ni mama yake mzazi, ana miaka themanini na haoni vizuri, anauliza mboga ya jana iko wapi.

"Iko kwenye susu, mama. Pale juu ya mafiga. Papasa taratibu usije ukaungua," alimjibu kwa maneno ya kwao.

Kugeuka, akamkuta msimamizi amesimama nyuma yake na daftari jeusi. Mtu mzima na ndevu zake, kazi yake kubwa ilikuwa kuvizia wafanyakazi wanaotamka maneno ya kwao ndani ya jengo. Ukiandikwa mara tatu, mkataba hauongezwi.

"Hii ya tatu, mama. Hapa ni lugha sanifu tu."

"Naongea na mama yangu, bosi. Hajui nyingine."

"Mfundishe."

Mama wa usafi alitamani kumtemea mate. Shuleni walimvisha kibao shingoni kwa kosa hilohilo, akashinda nacho siku nzima. Ndiyo maana alimlea bintiye kwa maneno ya redioni. Sasa binti yuko chuoni, na akija likizo humwambia bibi yake, "Bibi, ongea kama watu." Bibi humjibu, "Kwani mimi mbuzi?" Mama hukaa katikati yao akitafsiri.

Saa tano aliitwa ukumbini. Kulikuwa na maonyesho, na bango refu: TUENZI MANENO YA WAZEE WETU. Watafiti walikuwa wamezunguka vijijini miezi sita, wakila posho, wakarudi na vyungu, vinu na picha zao wenyewe. Kwenye kabati la kioo ulining'inia wavu wa kamba wa kuwekea chakula paka asikifikie. Kadi yake ilikuwa tupu. Mzee aliyewapa aliwatajia jina, ila hakuna aliyeliandika. Walikuwa wanapiga picha. Mzee ameshafariki. Wajukuu zake walipopigiwa simu walisema wao huuita "ile kamba."

"Mama, si wewe ni wa kulekule?" mkurugenzi aliuliza, jasho likimtoka. "Hiki mnakiitaje?"

Aliutazama wavu. Kwao ulikuwepo mmoja, na asubuhi ileile alikuwa amemwambia mama yake aupapase.

"Nikikitaja nitaandikwa, bosi?"

"Acha utani. Mgeni rasmi yuko getini!"

"Basi nifutiwe zile tatu. Mkataba wangu unaisha Ijumaa."

Mkurugenzi alimgeukia msimamizi. Msimamizi akalikumbatia daftari lake. "Utaratibu ni utaratibu, mheshimiwa."

"Wewe taja tu, mama," mkurugenzi akasema, akimpigapiga begani. "Hayo mengine tutaona baadaye."

Tutaona baadaye. Alikuwa ameisikia miaka tisa, tangu alipoomba glavu.

"Sijui, bosi," akasema.

Mtafiti akaandika haraka, kwa mwandiko mzuri: *Jina lake limepotea.* Mgeni rasmi aliisoma kadi ile kwa sauti, akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema taifa lisilotunza maneno yake ni la kuhurumiwa. Wakampigia makofi. Msimamizi alipiga kuwashinda wote. Kisha mama wa usafi akaambiwa afute alama za vidole kwenye kioo, na akimaliza apite masjala kuchukua barua yake.

Alifuta mpaka kioo kikang'aa. Alichukua barua, akatoka, akaketi kwenye ngazi alizozipiga deki asubuhi. Akampigia bintiye.

"Chukua kalamu, mwanangu. Kuna maneno ya bibi yako nataka uyaandike. Nikikutajia, uyarudie kwa sauti nikusikie."

Upande wa pili kulikuwa na kelele za wanafunzi.

"Sawa, mama," binti akanong'ona. "Subiri kwanza nitoke nje, wenzangu wasinisikie."