Mkwe Kwenye Mistari Myeupe

Geresoni alianguka mbele ya mtu pekee katika Isongole nzima ambaye hakutakiwa hata kumtazama: mke wa mwanawe.

Atuganile alikuwa ameolewa na Boniface miaka tisa. Katika miaka hiyo yote hakuwahi kukaa chumba kimoja na baba mkwe wake, hakuwahi kumpa maji mkononi, wala Geresoni hakuwahi kuisikia sauti yake. Ndiyo heshima ya Kinyakyusa. Wengi wameshaitupa, lakini nyumba ya Geresoni iliishika kama ilivyoishika Jumapili. Wakikutana njiani, mwanamke anaingia shambani na kugeuza uso mpaka mzee apite. Haikuwa kazi ngumu, kwa sababu baiskeli ya zamani ya Geresoni ililia kama debe la misumari. Atuganile aliisikia tangu kona ya juu.

Mwezi ule Boniface alimletea baba yake baiskeli ya mashindano kutoka Mbeya. Ilikuwa nyepesi, usukani umepinda kama pembe za kondoo dume, tairi nyembamba na laini, bila kashata hata moja ya kung'ata barabara. Hezron, dereva wa bajaji ambaye pia hutengeneza baiskeli, aliizunguka mara mbili akacheka. Alimwambia mzee hiyo ni baiskeli ya Dodoma, huku kwetu mvua haina likizo. Akamshauri apunguze upepo, aanze kugusa breki mapema, na kwenye lami iliyolowa asikate kona ghafla. Geresoni alimjibu kwamba yeye ameendesha baiskeli tangu Hezron hajaota meno, akajaza upepo mpaka tairi zikawa kama jiwe.

Alhamisi viazi vyake vilionyesha madoa ya ukungu, akaondoka kwenda Kiwira kutafuta dawa. Mvua ilikuwa ile nyembamba ya asubuhi. Mteremko ukamchukua. Baiskeli haikutoa sauti yoyote ila maji yaliyopasuka chini ya tairi. Alifurahi kupita kiasi, mtu mzima wa miaka hamsini na nne.

Mbele ya shule ya msingi kuna mistari myeupe ya kuvukia. Mwanamke alikuwa katikati yake, amejifunika mfuko wa salfeti kichwani, beseni mkononi. Geresoni alimtambua kwa mwendo. Nyuma ya mwanamke nafasi ilikuwepo. Mtu mwingine angepita hapo, akaenda zake. Lakini kupita hapo kulikuwa ni kumpita mkwe wake kwa urefu wa mkono. Mikono ya Geresoni iliamua kabla ya kichwa. Akakata usukani kwenda upande wa pili na kubana breki zote mbili, juu ya rangi iliyolowa.

Tairi la mbele lilimponyoka kama sabuni. Alisikia kitu kikikatika, akadhani ni fimbo. Kisha akauona mguu wake wa kulia umelala upande ambao mguu haulali. Haukumuuma, na hilo ndilo lililomtisha. Kiatu chake kimoja kilikuwa kimesimama wima barabarani, akawa anajiuliza ni nani amekiweka pale.

Halafu akasikia honi, ndefu, isiyokatika. Lori lilikuwa linashuka, na kwa uzito ule lisingeweza kusimama. Geresoni alijaribu kujiburuta, viganja vikateleza. Akamtazama mkwe wake. Atuganile alikuwa amempa mgongo, kama alivyofundishwa. Geresoni akaelewa kwamba anakufa, na kwamba mwanamke yule hatakuwa amekosea chochote.

Beseni likaanguka.

Mikono ilimshika kwapani, migumu, ya jembe.

"Shika shingo yangu," Atuganile alisema. "Shika, tata. Mguu bado uko barabarani."

Akashika, naye akamburuta hadi ukingoni. Lori likapita likimrushia maji usoni, na nyuma yake baiskeli ilikuwa imelala bapa kama kitu cha karatasi. Lakini Geresoni hakuwa akiitazama baiskeli. Sauti ile, iliyomwita tata, yaani baba, bado ilikuwa masikioni mwake. Ilikuwa sauti nene ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe, na miaka tisa ilikuwa ikiishi hatua hamsini kutoka mlangoni kwake.

Atuganile alimlaza kwenye nyasi, akarudi nyuma, akajifunika uso kwa salfeti.

"Nisamehe, tata," alisema. "Nimekushika."

Geresoni alitaka kujibu. Lakini vishindo vya watu wanaokimbia vilikuwa vimeshafika.

Watu wakajaa. Hellen, dada yake Geresoni, alifika akitweta, akauliza nani amemtoa barabarani. Hakuna aliyeona. Mtu akasema labda amejikokota mwenyewe. Atuganile alinyamaza kule pembeni, na Geresoni akajua kwamba akiitikia kwa kichwa tu, jambo lote litafunikwa, na mwanamke yule hatanyooshewa kidole.

"Mkwe wangu amenitoa," alisema. "Kwa mikono yake."

Hellen alijiziba mdomo. Wanawake wawili walitazama chini.

Hezron akaleta bajaji ya kumpeleka hospitali. Mguu ukafungwa vipande vya mti. Kiti cha nyuma kiliwatosha mgonjwa na mtu mmoja wa kumpakata kichwa, na Hellen akawa tayari ameinua sketi apande.

"Wewe baki," Geresoni alimwambia. "Atanishika Atuganile."

"Kaka, umegonga kichwa."

"Nimevunja mguu. Kichwa ni kizima."

Atuganile hakusogea mpaka Hezron alipomwambia kwa upole kwamba mzee anazidi kupoa. Akapanda huku akitazama pembeni, akakiweka kichwa cha baba mkwe wake mapajani kama mtu anayepakata yai la mwenzake. Kwenye tuta la kwanza maumivu yakafika, yote kwa pamoja. Geresoni akapiga yowe, na mikono ile ikamkaza zaidi, bila kuomba msamaha tena.